Jazi Haipigwi Ovyo: Darasa la Bwana Barry Harris

Mtu asiyezoea muziki wa jazi, amwonapo mpiga saksafoni amesimama bila ya karatasi mbele yake, macho yamefumbwa na vidole vinakwenda mbio, aghalabu hudhani kwamba mtu huyo anapiga lo lote limjialo kichwani. Wengine husema ni kipaji alichozaliwa nacho. Wengine wamekwisha sema kwamba ni kelele tu, na kwamba mtu ye yote mwenye pumzi za kutosha angeweza kufanya vile vile. Kumbe sivyo. Nyuma ya dakika tano za muziki huo mna miaka mingi ya kufundishwa, kukosea mbele ya watu, kusahihishwa, na kurudi tena juma lifuatalo. Habari hii ni juu ya mafunzo hayo, na hasa juu ya mzee mmoja wa mji wa Detroit, huko Marekani, aliyeyashika kwa muda wa zaidi ya miaka 60, hata vyuo vya Ulaya vikamwalika aende kuwafundisha wanafunzi wao.

Msomaji wa Kiswahili anayo njia nyepesi ya kuufahamu ufundi huu. Malenga wawili wanapojibizana barazani, hapana aliyekuja na beti zake zimekwisha andikwa. Kila mmoja humsikiliza mwenziwe mpaka mwisho, kisha humjibu papo hapo. Hata hivyo hawezi kusema ovyo. Kila mstari una mizani 16, nane upande huu na nane upande huu, na vina vya kati na vya mwisho havina budi kulingana. Mwenye kuvunja mizani huchekwa, hata kama maneno yake yana maana.

Ndivyo ilivyo jazi. Wapigaji huchukua wimbo ujulikanao na wote, aghalabu wenye vipimo 32, au ule uitwao bluzi wenye vipimo 12. Wimbo huo una mafungu yake ya sauti, yaani sauti tatu au nne zipigwazo pamoja kwa piano au gitaa, na mafungu hayo hufuatana kwa utaratibu maalum. Wenzake huyazungusha tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, kisha tena, na tena. Naye, juu ya msingi huo, hutunga sauti mpya ambazo hajapata kuzipiga. Maneno ni yake, mizani ni ya wote.

Yafaa kusema hapa kwamba jazi hii siyo ile iliyokuwa katika majina ya bendi zetu. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka wa 1932, na Morogoro Jazz ikaanza mwaka wa 1944, na baada yao zikaja nyingine nyingi. Hizo zilikuwa bendi za dansi, na muziki wao ulikuwa na utamu wake na njia zake. Lakini neno lilikuwa moja tu. Kazi zilikuwa mbili.

Wapigaji wa kwanza wa jazi hawakuwa na darasa. Shule yao ilikuwa bendi yenyewe, na mwalimu wao alikuwa aibu. Kisa kijulikanacho sana ni kile cha Charlie Parker, ambaye baadaye alikuwa mpiga saksafoni mkuu wa wakati wake. Mwaka wa 1936, angali kijana wa miaka kumi na kitu katika mji wa Kansas City, alipanda jukwaani kupiga pamoja na watu wazima. Akapotea katikati ya wimbo. Mpiga ngoma Jo Jones hakumwambia neno. Alichukua toazi lake la shaba akalitupa sakafuni karibu na miguu ya kijana yule, likalia kwa kishindo, na watu wakacheka. Mwaka uliofuata Parker alikwenda kufanya kazi katika bendi moja huko milima ya Ozark, akachukua santuri za Lester Young, akazisikiliza na kuzirudia mpaka akajua kila sauti iliyopigwa humo. Aliporudi mjini hapana aliyemcheka.

Kisa hiki hupendwa kusimuliwa, na kwa kweli kinapendeza. Lakini msimulizi husahau jambo moja. Kwa kila Parker mmoja aliyetupiwa toazi akarudi, ni vijana wangapi waliotupiwa toazi wasirudi tena? Aibu humfundisha mwenye moyo mgumu, na kumfukuza mwenye kipaji na moyo laini. Ndiyo sababu historia ya darasa la jazi, darasa la kweli lenye mwalimu na saa yake, ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa.

MJI WA MAGARI NA MUZIKI

Mwaka wa 1914 Henry Ford alitangaza katika mji wa Detroit kwamba wafanyakazi wa kiwanda chake cha magari wataweza kupata dola 5 kwa siku. Habari hizo zilienea mpaka katika mashamba ya pamba ya kusini, ambako wajukuu wa watumwa walikuwa wakilima mashamba yasiyokuwa yao. Wengi walifunga mizigo. Watu weusi wakajaa katika mitaa michache ya Detroit, kwa kuwa mitaa mingine hawakuruhusiwa kupanga, nao wakajenga humo makanisa, maduka na nyumba za muziki. Barabara yao kubwa iliitwa Hastings Street.

Mzazi mwenye mshahara wa kiwandani aliweza kununua piano, hata kwa kulipa kidogo kidogo. Tena shule za serikali za mji huo zilikuwa na walimu wa muziki hodari. Katika shule moja tu, Cass Technical High School, walipita Paul Chambers na Ron Carter, wapiga besi, na Donald Byrd mpiga tarumbeta, ambao wote walikuja kuwa na sifa duniani. Shule hizo zilifundisha kusoma muziki ulioandikwa, kushika ala vizuri na kupiga pamoja na wengine. Kubuni hazikufundisha. Hilo lilipatikana nyumbani kwa watu.

Nyumba iliyojulikana sana ilikuwa ya Barry Harris. Alizaliwa tarehe 15 Desemba, 1929. Mama yake alikuwa mpiga piano wa kanisa, naye ndiye aliyemwanzisha mtoto alipokuwa na umri wa miaka minne. Alipokuwa kijana alizisikia santuri za muziki mpya uliokuwa ukipigwa New York na Charlie Parker, Dizzy Gillespie na mpiga piano Bud Powell, akaupenda upendo ambao haukupungua mpaka kufa kwake. Aliufuata kwa sikio, sauti moja moja. Alipokwisha kuufahamu hakuuficha. Katika miaka ya 1950, usiku alikuwa akipiga piano katika Blue Bird Inn, nyumba ya muziki iliyokuwa barabara ya Tireman, na mchana vijana walikuwa wakifika nyumbani kwake na ala zao mikononi, huyu akitoka na huyu akiingia.

Mmoja wao alikuwa Charles McPherson, aliyekaa karibu na hapo. Mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi Harris alivyomwomba siku moja amwonyeshe ripoti yake ya shule. Alama zilikuwa za wastani: si mbaya, si nzuri. Harris akamwambia kwamba mtu wa wastani hawezi kuupiga muziki huu, maana huu ni muziki wa watu wenye kufikiri. Kijana hakuwa amewahi kuambiwa na mtu anayemheshimu kwamba saksafoni na hesabu ni mambo ya akili moja. Akaanza kusoma vitabu, na alama zake zikapanda mpaka juu kabisa. Baadaye alipiga kwa miaka mingi katika bendi ya Charles Mingus, na jina lake limo katika kila historia ya muziki huo.

Harris aliondoka Detroit mwaka wa 1960 kumfuata Cannonball Adderley, akakaa New York. Na Detroit aliyoiacha haikudumu. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 Hastings Street ilibomolewa ili kupisha barabara kuu ya magari. Makanisa, vinyozi, maduka na nyumba za muziki, vyote vikaenda. Katika miji mingine ya Marekani mitaa kama hiyo ilipatwa na mambo kama hayo, na nyumba za muziki zilizokuwa zimejaa watu usiku kucha zikafungwa moja baada ya moja. Sasa kijana aliyetaka kujifunza angesimama wapi ili atupiwe toazi? Swali hili ndilo lililoleta darasa.

KIANGAZI CHA LENOX

Waliojibu kwanza walijibu kwa njia ya chuo cha likizo. Kuanzia mwaka wa 1957 mpaka 1960, kila mwezi wa Agosti, walimu na wanafunzi walikutana kwa majuma matatu huko Lenox, kijiji cha milimani katika jimbo la Massachusetts. Mkuu wa mafunzo alikuwa John Lewis, mpiga piano. Walimu na wanafunzi walikula pamoja na kulala jirani. Asubuhi masomo, alasiri mazoezi ya bendi ndogo ndogo, jioni mazungumzo. Mwaka wa 1959 alifika mwanafunzi mmoja aliyekwisha kuwa mtu mzima, Ornette Coleman, aliyepiga saksafoni ya plastiki na ambaye hakuyafuata mafungu ya sauti kama wengine. Walimu wakagawanyika. Wengine walisema huyu ameona njia mpya. Wengine walisema hajui anachofanya. Coleman aliendelea na njia yake, na dunia ikamsikiliza. Chuo chenyewe kilikoma mwaka wa 1960 kwa kukosa fedha, lakini mmoja wa wanafunzi wake, David Baker, alikwenda akajenga masomo ya jazi katika Chuo Kikuu cha Indiana, na vyuo vingine vikaiga.

Kwa walio mbali na walimu, alitokea Jamey Aebersold wa jimbo hilo hilo la Indiana. Mwaka wa 1967 alitoa santuri ya ajabu kidogo: ndani yake mlikuwa na piano, besi na ngoma, lakini mpiga wimbo hakuwamo. Nafasi hiyo aliachiwa mwenye santuri, apige yeye chumbani mwake. Santuri hizo zilipita 130, na mafunzo yake ya kiangazi ya juma moja moja yaliwakusanya watu wa kila umri. Ni msaada mkubwa, na mkulima aliye peke yake shambani na tarumbeta lake angeushukuru. Ila santuri ina kasoro moja ambayo haiponi: haimsikii apigaye. Akivunja mizani, bendi iliyomo ndani huendelea vile vile kwa furaha.

USIKU WA DARASA

Bwana Harris alishika njia nyingine. Katika miaka ya 1970 alianza kufundisha watu wengi pamoja huko New York. Mwaka wa 1982 alifungua na wenzake ukumbi ulioitwa Jazz Cultural Theater, ambapo watu walisikiliza muziki na pia wakajifunza. Ukumbi huo ulifungwa mwaka wa 1987. Lakini darasa halikufa pamoja na nyumba. Lilihamia katika kumbi za kupanga, likaendelea juma baada ya juma.

Mambo yalikwenda hivi. Watu huingia jioni, hutoa ada ndogo, hukaa po pote penye nafasi. Hapana mtihani wa kuingia, wala hapaulizwi cheti. Aliyeanza mwaka huu hukaa bega kwa bega na mtu aliyekwisha kutoa santuri zake mwenyewe. Kwanza hufundishwa wapiga piano na magitaa, kisha waimbaji, na mwisho, usiku umekwisha kuwa mwingi, hufika zamu ya kubuni, ambapo ala zote huchanganyika. Mwalimu hakuja na kitabu. Aliketi penye piano, akaimba kwa mdomo kifungu kimoja cha sauti alichokitunga wakati ule ule, akataka darasa zima likipige. Wakakosea. Akaimba tena. Walipokipata, aliwaongezea kifungu cha pili cha kukijibu cha kwanza, kisha cha tatu, hata baada ya saa moja wimbo mkuukuu ukawa umevishwa nguo mpya kabisa, na kila mtu alikuwa ameona namna ilivyoshonwa.

Waliosema kwamba alikuwa mkali hawakusema uongo. Hakuvumilia uvivu wala majivuno. Lakini ukali wake haukuwa wa kutupa toazi, kwa maana aliyekosea alirudishwa penye kosa na kuonyeshwa pa kuweka kidole.

Somo lake lililojulikana zaidi laweza kuelezwa kwa do, re, mi, ambazo kila aliyeimba katika kwaya ya misheni anazijua. Kipimo kimoja cha wimbo kina mapigo manne, na mpigaji wa mbio hupiga sauti mbili katika kila pigo. Jumla sauti nane. Ngazi ya sauti, lakini, ina sauti saba tu. Chukua ngazi ya fungu ambalo ti yake imeshushwa nusu, ambalo katika jazi na bluzi hutumika sana. Ukishuka kutoka do ya juu kwa sauti saba hizo, unafika do ya chini mapema, kabla ya pigo lake. Tena sauti zinazoangukia juu ya mapigo huwa do, la, fa, re, ambazo si zile za fungu lenyewe. Msikilizaji hajui ni kitu gani, lakini husikia kwamba mtu anachechemea. Ni kama shairi lenye mizani saba mahali pa nane.

Harris aliwaonyesha kuongeza sauti moja ya nusu, yaani ile ti kamili, baina ya do na ti iliyoshushwa. Sasa mpigaji hushuka: do, ti, ti iliyoshushwa, la, so, fa, mi, re, na pigo la kwanza la kipimo kifuatacho humkuta do ya chini imengoja. Juu ya mapigo manne zimeanguka do, ti iliyoshushwa, so na mi, ambazo ndizo fungu zima. Kina kimekaa mahali pake. Kisha zilifuata kanuni nyingine: ukianza juu ya sauti hii ongeza nusu moja, ukianza juu ya ile ongeza mbili au usiongeze kitu. Wanafunzi walizipiga kanuni hizo kupanda na kushuka mpaka vidole vikazitii bila ya kuulizwa. Ndipo, na siyo kabla, akili hupata nafasi ya kubuni.

Jambo hili ndilo linalowashangaza wageni. Walikuja wakitazamia kuambiwa wawe huru, nao wakakuta hesabu ya mizani.

Kwa wapiga piano alikuwa na mafundisho mengine, nayo aliyaeleza kama mtu asomaye kitabu cha Mwanzo. Kwanza, alisema, kulikuwa na sauti 12, ambazo ndizo ulimwengu wote wa muziki. Kutoka humo zilitokea ngazi mbili za sauti sita sita, mume na mke, ambao hawana hata sauti moja ya ushirika. Hao wakazaa watoto watatu, yaani mafungu matatu ya sauti nne nne. Na ukimpima kila mtoto utaona ana sauti mbili za baba na mbili za mama. Mtu aweza kucheka, lakini akiketi penye piano na kuhesabu ataona kwamba hesabu ni sawa kabisa. Na mwanafunzi aliyesikia kisa hicho mara moja hakisahau, jambo ambalo vitabu vingi vya muziki haviwezi kujisifia.

Mwaka wa 1989 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia sanaa lilimpa Bwana Harris heshima yake kubwa kabisa kwa wapigaji wa jazi. Alifundisha mara nyingi katika chuo cha muziki cha The Hague, Uholanzi, na katika nchi nyingine za Ulaya na Japani. Hata hivyo alivilaumu vyuo waziwazi. Alisema kwamba vinawafundisha vijana kuambatanisha kila fungu na ngazi yake, kama mtu anayetafuta neno katika kamusi kila atakapo kusema, na kwamba mtu hazungumzi hivyo. Alisema kweli. Lakini ni haki kusema pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa na ukuta wake. Kwake muziki ulikuwa ule wa Parker na Powell. Mengi yaliyokuja baada yao hakuyakubali, na mwanafunzi mwenye moyo wa Ornette Coleman asingepata raha katika darasa lake. Labda mwalimu wa namna hii hawezi kuwa bila ya ukuta. Malenga afundishaye shairi hana budi kushikilia vina, hata kama anajua kwamba siku moja atatokea mtu wa kuviacha.

AFRIKA YA MASHARIKI

Huku kwetu mbegu za jambo hili zipo, ijapokuwa ni changa. Louis Armstrong alipofika Nairobi mwaka wa 1960 na tarumbeta lake, watu walimtazama kama mgeni wa ajabu aliyepita. Hapakuwa na darasa la kumwachia cho chote. Wapiga magitaa wa Kenya na Tanganyika walijifunza kama Parker alivyojifunza, kwa kusimama karibu na jukwaa na kutazama vidole vya mkubwa wao, au kwa kurudia santuri ya Kongo mpaka sindano ikachakaa.

Na watu wa Unguja walikuwa na kubuni kwao tangu zamani. Katika taarabu, kabla ya wimbo kuanza, mpiga kanuni au udi hupiga peke yake, akizunguka ndani ya ngazi ya wimbo kwa utaratibu ambao hakuuandika, mpaka masikio ya watu yamekwisha kulainika. Nao ufundi huo una sheria zake na walimu wake. Mwaka wa 2002 kilifunguliwa katika Mji Mkongwe chuo kiitwacho Dhow Countries Music Academy, na humo vijana wamefundishwa taarabu na ngoma, na jazi pia. Mambo haya hukaa pamoja bila ya ugomvi: aliyezoea kungoja zamu yake katika taarabu haoni shida kungoja katika jazi.

Nairobi nayo ina habari zake. Katika Korogocho, karibu na jaa kubwa la takataka la Dandora, watoto wamekuwa wakifundishwa ala za muziki chini ya mpango uitwao Ghetto Classics. Tamasha la jazi lililoanza Nairobi mwaka wa 2014 kwa fedha za kampuni ya simu ya Safaricom lilipeleka mapato yake huko, na wapigaji wageni waliokuja kwa tamasha wamekuwa wakifika Korogocho kuketi na vijana hao. Mzazi aliyeko Korogocho ana haki ya kuuliza kama tarumbeta hujaza tumbo. Wapo vijana wa huko ambao sasa wanalipwa kwa kupiga na kufundisha. Wapo pia wasiopata kitu isipokuwa tabia ya kufika kwa wakati na kumsikiliza mwenzao hata amalize. Shida iliyobaki ni ile ile ya Lenox, yaani fedha. Mgeni hukaa siku moja au mbili, kisha hupanda ndege. Darasa hutaka mtu wa kurudi kila juma.

Bwana Harris alirudi kila juma. Ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka wa 2020, kumbi za New York zilifungwa, naye alikuwa mzee wa miaka 90. Wanafunzi wake walimwekea kompyuta mbele ya piano, na darasa likaendelea kwa njia ya intaneti. Watu ambao hawakupata kuwa na nauli ya kwenda New York sasa walimwona kutoka nchi zao, wengine usiku wa manane kwa saa za kwao, naye akawa anawaimbia kifungu na kungoja wakirudie. Ugonjwa huo huo ulimwondoa tarehe 8 Desemba, 2021, juma moja kabla ya kutimiza miaka 92.

Hakuandika kitabu kikubwa cha mafundisho yake. Howard Rees wa Toronto, Kanada, aliyekuwa mwanafunzi wake, alikusanya masomo na kuyatoa kwa maandishi na filamu, na wengine katika miji mingi wamefungua madarasa yao wenyewe. Katika madarasa hayo somo la kwanza ni lile lile: do, ti, ti iliyoshushwa, la, so, fa, mi, re, kisha do, wote pamoja, polepole.